Laini ya Makote

Tulimzika Mzee Mkuwele mwezi uliopita, Newala, baada ya sala ya adhuhuri. Katika wasifu uliosomwa palikuwa na sentensi isemayo kwamba marehemu aliacha kazi ya simu kwa hiari yake ili apate nafasi ya kushughulikia mikorosho. Nilikuwa nimesimama mstari wa tatu, nyuma ya watu warefu kuliko mimi, nikaisikia sentensi hiyo kama mtu anayesikia jina lake likitamkwa vibaya na asijue kama ni adabu kusahihisha. Sikusahihisha. Watu walipoanza kuondoka, Nesi Imelda, ambaye siku hizi hutembea kwa fimbo na huitwa bibi hata na watu wa makamo, alinivuta kando akanieleza jambo ambalo halikuchukua dakika tano. Tangu siku hiyo nimelazimika kuurudia mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nilidhani nimekwisha kuuelewa. Nauandika hapa kwa mpangilio wake, kama nilivyouona wakati ule, na lile aliloniambia Nesi nitaliweka mahali pake.

Nilifika Newala nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita na shahada ya uzamili iliyokataa kukamilika. Utafiti wangu ulihusu mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayounguza ngozi ya kila anayebangua bila tahadhari. Nilidai kwamba yakipikwa kwa kipimo fulani na kisha kuachwa juani, yanaganda yakawa kitu kigumu, cheusi, kisichodhuru, kinachofanana na ile plastiki nzito ya vifaa vya zamani. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja, mtu mpole, aliuliza sampuli ya pili ilitoa matokeo gani. Jibu la kweli lilikuwa na maneno manne: sampuli ya pili iliharibika. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilianza kujiuliza kama iliharibika yenyewe au niliiharibu mimi, na kama kuna tofauti ya kisayansi baina ya kauli hizo mbili, na wakati nikijiuliza nilinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti wa kikao alinimiminia maji katika bilauri akanisogezea. Walinipa mwaka mmoja. Kwa wiki kadhaa baadaye nilichelewa kujibu hata nikiulizwa jambo dogo kama vile nauli au saa. Nilikwenda Newala kwa sababu ndiko mafuta yangu yalikotoka, katika kiwanda cha kubangua korosho. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kiwanda kimefungwa.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na mizani zao, ofisi za ushirika zilikuwa zikihamishwa au kufungwa, na korosho zilisafiri na maganda yake hadi India kubanguliwa huko. Mlinzi wa kiwanda aliniruhusu kuingia nikaangalie mapipa yaliyobaki. Katika ofisi ya meneja, mahali palipokuwa na meza na sasa pamebaki alama nne za miguu ya meza sakafuni, nilimkuta mzee mwembamba mwenye sare ya fundi simu akiwa amepiga magoti mbele ya ukuta, bisibisi mkononi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Shika hapa," akanipa ncha ya waya kabla hajageuka kunitazama. Alipomaliza kufungua aliinua simu nyeusi ya kuzungusha, ile yenye kisahani chenye matundu kumi, akaipuliza vumbi jekundu kwa pumzi ndefu. "Wewe ni mnunuzi?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mwanafunzi."

"Wa nini?"

"Wa maganda ya korosho."

"Ya Mungu mengi," akasema. "Korosho zinaondoka na gunia, halafu huku nyuma tunasomesha watu maganda." Kisha akaniuliza nimefikia wapi, na nilipojibu kwamba sijafikia popote, akaniambia nibebe ile simu, na niibebe kwa chini, si kwa mkono wake, ule wa kuweka sikioni, kwa sababu umepasuka.

Huyo ndiye Mzee Mkuwele, na nilikaa kwake miezi minane. Chumba nilichopewa kilikuwa chumba cha simu. Kitanda kilikuwa upande mmoja, na pande tatu zilizobaki zilikuwa na rafu za mbao alizozipigilia mwenyewe, na juu ya rafu simu ishirini na tatu, kila moja ikiwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi: ushirika, benki, kiwanda, shule, misheni. Alikuwa akizikusanya kila ofisi iliponunua simu mpya za kubonyeza, zile nyepesi zilizokuwa zikiingia kutoka Dubai, na kuzitupa za zamani nje pamoja na makaratasi. Chumba kilinuka spiriti, lehemu na mbaazi, kwa kuwa gunia la mbaazi la mkewe, Mama Somoe, halikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nimeishi katika vyumba vingi vizuri zaidi tangu hapo. Hakuna nilichokijua kama kile, hata sasa naweza kusema simu ya benki ilikuwa ya ngapi kutoka mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Tulifungua kasha, tukasugua nyaya kwa msasa laini, tukanyoosha springi ya kisahani, tukaosha kengele kwa spiriti na kuzikausha kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Kisahani ndicho kilichomchukua muda. Alisema sifuri ikizungushwa hadi mwisho na kuachiwa, inapaswa kurudi kwa sekunde moja, si zaidi wala pungufu, la sivyo mtambo wa posta hautaielewa namba. Mimi nilipima kwa saa ya mkononi. Yeye alifumba macho akasikiliza ule mlio wa kurudi, kisha akasema, "Bado ina usingizi," au, "Hii ina haraka, kama wewe." Nilimweleza kwamba sina haraka, kwamba tatizo langu ni kinyume chake. Alisema ni kitu kimoja. Sikumwelewa na sikumuuliza.

Tulikula pamoja uani, ugali wa muhogo na kisamvu, msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaila na chumvi na pilipili, na Mama Somoe alikuwa na mzaha wake mmoja aliourudia kwa kila mgeni. "Mimi sikuolewa na mtu," alisema. "Niliolewa na posta. Watoto wangu wako ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja anayenipigia." Mzee Mkuwele alijibu kila mara kwa namna ile ile: "Hawana laini, Mama Somoe. Wape laini." Jibu hilo lilikuwa mzaha, lakini pia lilikuwa ndilo jambo lililomnyima Mzee raha.

Jambo hilo nililisikia kwa ukamilifu alfajiri moja, kupitia ukuta ambao haukufika juu hadi kwenye bati. Posta ya Newala ilikuwa inapokea mtambo mpya wa kujiendesha, wa kuunganisha hata vijiji, na simu za zamani za kukoroga zilizokuwa huko, ambazo zilimtegemea opereta wa kuunganisha, zisingefaa tena. Kila mwenye laini alitakiwa kujitafutia simu yenye namba. Kungekuwa na siku ya majaribio: laini itakayoitika itaingizwa kwenye mtambo mpya, isiyoitika itakatwa na waya wake kuteremshwa. Zahanati ya Makote ilikuwa na laini, nguzo zake zilikuwa zimesimama hadi mlangoni, lakini haikuwa na simu yenye namba wala fungu la kununulia.

"Wakiikata," sauti ya Mama Somoe ilisema, "yule nesi atamwita nani?"

"Atatuma baiskeli."

"Baiskeli ilitumwa kwa mtoto wa dada yangu, Baba Somoe. Ilifika. Gari likaenda. Lilikuta watu wameshajitanda kanga za msiba."

Nikasikia maji yakimiminwa katika birika la udhu. "Ninayo mashine moja tu ya simu inayoweza kwenda Makote, nyingine bado hazishiki laini," alisema hatimaye. "Ile ya kiwandani. Kisahani chake kimekufa, kingine nitakipata Masasi. Mkono ndio umepasuka, mikono ya hizo nyingine haiingiliani nayo, na wake siupati popote."

Nililala nikitazama bati, nikijua kwamba mimi ninacho kitu kinachoweza kuziba mkono wa simu. Nilichukua siku nne kukisema. Nilipokisema, alinipa mikono minne mingine iliyopasuka, ya simu zisizokwenda popote, akaniambia nianze na hiyo. Nilipika mafuta nyuma ya nyumba, upande ambao upepo haukuelekea jikoni, nikachanganya na masizi yaliyochekechwa kwa kitambaa, nikaziba nyufa, nikaianika mikono juu ya bati la nyumba kwa siku tatu za jua kali. Yote minne ikawa migumu. Niliikwaruza kwa kucha, nikaikandamiza shavuni kwangu kwa nusu saa nzima huku Mama Somoe akiniuliza naongea na nani. Hakuna kilichowasha. Nilianza kulala vizuri. Nakumbuka niliandika katika daftari langu, kwa wino, kwamba sampuli ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano zimefanikiwa, na nikaipigia mstari sentensi hiyo kwa rula.

Siku ya majaribio ilitangazwa kuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi niliuziba mkono wa simu ya Makote. Ufa wake ulikuwa mrefu kuliko mingine yote, na baada ya kuuziba rangi haikulingana, sehemu moja ikiwa na mng'ao na nyingine ikiwa imefifia. Jambo hilo halikuwa na maana yoyote kwa matumizi ya simu. Hata hivyo lilinisumbua, nikaupaka mkono wote, kutoka kipaza hadi kisikilizio, tabaka moja jembamba, nikauweka juu ya bati. Jumanne nilitumwa Masasi kuchukua kisahani kwa fundi aliyeishi Lisekese, nikashuka na lori la magunia, nikalala huko siku mbili kwa sababu lori la kurudi lilichelewa. Masasi hakukuwa na wingu hata moja. Nilikaa barazani kwa yule fundi nikitazama miamba ya mji ule ikiwaka kwa joto, nikahesabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilirudi Newala Alhamisi mapema nikakuta uwanja umelowa, kisima cha kuvunia maji ya bati kimepanda, na Mama Somoe anafua nguo ambazo alikuwa ameziweka kwa wiki mbili akisubiri maji. Kwa wale wasioijua nyanda ile ya juu, maji huko hayachimbwi jirani. Ama yanateremkiwa bondeni, ama yanatoka juu ya bati, na mvua ya kwanza ya msimu ni kama mgeni wa heshima. Nilimpongeza kwa mvua. Mkono wa simu ulikuwa mezani chumbani, tayari umefungwa kwenye kasha lake. Nilipitisha kidole juu yake, kidole kikatoka kikavu. Tukafunga kisahani, Mzee akafumba macho, akaisikiliza sifuri ikirudi. "Twende," akasema.

Alasiri ile ninaikumbuka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayonichosha zaidi kuikumbuka. Zahanati ya Makote ilikuwa na chumba cha kupimia, chumba cha kujifungulia, na baraza lenye benchi moja. Nesi Imelda, wakati huo mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya kuamrisha, aliweka simu juu ya kabati la dawa, akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Ikiita niseme nini?"

"Sema zahanati ya Makote," alijibu Mzee.

"Hilo wanalijua, ndio waliopiga."

"Hawalijui. Sema."

Iliita saa tisa na robo. Mtambo mpya ulikuwa na mafundi wageni, na mafundi wageni walitaka kupima sauti, kwa hiyo walimwambia Nesi ahesabu moja hadi mia, kisha arudi nyuma mia hadi moja, kisha asubiri, kisha arudie. Kulikuwa na joto na chumba hakikuwa na dirisha upande ule. Alihesabu akiwa ameubana mkono wa simu kati ya shavu na bega, jasho likimtiririka, huku mikono yake ikimpima mtoto uzito, na akina mama waliokuwa kwenye benchi wakahesabu pamoja naye kwa sauti wakicheka kila alipokosea. Alidumu na simu shavuni karibu saa nzima. Mwishoni sauti ilimwambia laini imepokelewa. Alikata simu, akamgeukia Mzee Mkuwele, akasema kwa ukali wake wa kawaida, "Sasa na wewe nenda kapumzike, umekonda." Mzee akatoka nje kwa haraka. Nilimfuata nikamkuta amesimama karibu na nguzo ya mwisho, ameiegemea, anatazama waya.

Jumamosi shavu la Nesi lilivimba. Jumapili lilitoa malengelenge, na sikio lake la kulia liliziba kabisa. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. "Hii ni korosho," alisema tulipofika. "Kila msimu nawatibu watoto wenye midomo hivi. Sijawahi kuona korosho ikipiga simu." Alicheka kwa upande mmoja wa uso. Kwenye benchi walikuwa wamekaa akina mama watatu, na hakuna aliyecheka. Tayari maneno yalikuwa yameenea kwamba simu ya zahanati inaunguza, na mhudumu aliyemsaidia Nesi alikataa kuigusa. Taarifa ilikwenda wilayani, kutoka huko ikaenda mkoani, na wiki iliyofuata mkaguzi wa shirika la posta na simu akaja.

Alikuwa mtu nadhifu mwenye jalada la kijani. Alisimama katikati ya chumba nilichokuwa nalala, akageuka taratibu, akitazama rafu.

"Hizi zote ni za nani?"

"Zilitupwa," alisema Mzee Mkuwele.

"Mali ya shirika haitupwi, mzee. Inahifadhiwa."

"Basi mimi nimehifadhi."

Mkaguzi hakutabasamu. Alifungua jalada. "Simu ya Makote. Nani aliyeitengeneza?"

Nilikuwa nimesimama karibu na gunia la mbaazi. Jibu lilikuwa langu. Nilifikiri kwamba kusema ni mimi kungekuwa si sahihi kabisa, kwa kuwa kisahani na nyaya vilitengenezwa na Mzee. Nilifikiri kwamba niseme mimi ndiye niliyeupaka mkono, lakini neno kupaka lingesikika kama urembo, wakati kusudi la kwanza lilikuwa kuziba. Nilikuwa nikitafuta kitenzi.

"Mimi," alisema Mzee Mkuwele.

Mkaguzi akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa haraka, na alipoinua kalamu nilielewa kwamba kile kilichoandikwa hakikuhitaji tena kitenzi changu.

Lori lilikuja siku mbili baadaye. Vibarua wawili walianza kuzitupia simu nyuma kama matofali, na Mzee akawaomba wapumzike, akapanda mwenyewe, akazipanga, kila moja imelalia magunia matupu aliyoyatoa Mama Somoe. Karatasi zake za majina aliziacha zimefungwa. Mmoja wa wale vibarua alimwambia, "Babu, hizi zinakwenda kuyeyushwa," naye akajibu, "Njia ni mbaya," akaendelea kupanga. Makote ililetewa simu mpya ya kubonyeza ili malalamiko yaishe, na laini ikabaki. Yeye aliondolewa kwenye nguzo na mitambo, akapewa kazi ya kupanga vifurushi katika stoo ya posta, chumba kisicho na waya hata mmoja. Alivumilia hadi mavuno yaliyofuata, kisha akaandika barua ya kuacha. Hiyo ndiyo hiari iliyosomwa makaburini.

Jioni ya siku ile lori lilipoondoka nilijaribu kuomba radhi. Chakula kilikuwa kimetengwa. Nilianza kwa utangulizi, kwamba kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, akaninyooshea maji ya kunawa.

"Msomi, aliuliza nani. Nikamwambia."

"Lakini mzee, haikuwa..."

"Ugali unapoa."

Nililichukua jibu hilo kama ukarimu. Nililibeba hivyo miaka yote.

Nilihamia chumba cha jirani, kwa kuwa katika kile chenye rafu tupu sikuweza kulala, na huko niliandika barua kwa siku tisa. Ilikuwa na kurasa tatu. Nilieleza kila kitu: ufa, mafuta, masizi, tabaka la ziada ambalo halikuwa la lazima, siku tatu za jua, na hitimisho langu kwamba kosa lilikuwa katika kipimo changu cha kupikia, na kwamba Mzee Mkuwele hakuhusika. Nilimkuta mkaguzi Masasi, akanipa kiti, akaisoma yote bila kuruka.

"Barua nzuri," alisema. "Ila faili limefungwa. Nikilifungua, watauliza kwanza ile laini ilipokelewaje, maana iliitika kwa simu ambayo haikuidhinishwa. Watairudisha kwenye orodha ya kukatwa. Wanatafuta za kukata." Alinirudishia kurasa. "Unataka nilifungue?"

Nilifikiri.

"Nenda ukafikiri nyumbani," alisema, si kwa ubaya.

Sikuipeleka kwa Mzee, nilijua angenipa maji ya kunawa. Nilikwenda Makote. Nesi Imelda alikuwa akibambua ngozi kavu ya sikio lake mbele ya kioo kidogo, simu mpya ikiwa nyuma yake juu ya kabati. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ikifika, mzee anasafishwa na mimi napoteza simu."

"Inawezekana."

"Na umeniletea nichague, kwa sababu wewe umeshindwa."

"Ndiyo, Nesi."

Alifungua kitabu cha wazazi, akageuza kurasa mbili, akaweka kidole. "Huyu. Juzi saa nane mchana. Nilipiga, gari likaja, yuko hai, mtoto yuko hai. Anaitwa nani sijui, hawajampa jina." Akafunga kitabu. "Simu ibaki." Nilinyoosha mkono nichukue barua, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni mwa gauni lake jeupe. "Hii hairudi kwako, utaiongezea kurasa. Siku laini itakapokufa yenyewe, nitaipeleka mimi. Hapo haitamdhuru mtu."

Niliondoka Newala kabla ya masika kwisha. Chuoni niliulizwa swali lile lile la sampuli, na mtahini yule yule, nikajibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilipewa shahada. Watu wamenisifu tangu hapo kwa uharaka wa majibu, na wachache wamenilaumu kwa huo huo, na mimi sikuwahi kueleza ulikotoka. Nilimtembelea Mzee Mkuwele kila baada ya miaka kadhaa. Tulizungumza mikorosho na mvua. Kila safari nilikwenda na sentensi moja niliyoiandaa njiani, na kila safari nilirudi nayo.

Sasa aliloniambia Nesi. Laini ya Makote ilikufa miaka mingi baadaye, minara ya simu za mkononi ilipokuwa imekwisha kuota na wezi wa shaba wakapanda nguzo. Siku hiyo hiyo aliitoa barua yangu. Ofisi ya kuipelekea haikuwapo tena, jengo lilikuwa duka la simu, kwa hiyo akampelekea Mzee Mkuwele mwenyewe. Macho ya Mzee yalikuwa yameingia ukungu, Nesi akamsomea kurasa zote tatu.

"Alisikiliza mpaka mwisho," Nesi alisema. "Akasema umeandika vizuri, ila ukurasa wa pili una kosa. Siku si tatu. Ni mbili. Wewe ukiwa Masasi, Jumatano asubuhi aliona mvua inakuja, akauteremsha ule mkono wa simu, maana bati ni la maji ya kunywa, asingeacha mafuta ya korosho yaingie kisimani. Mvua ikanyesha hadi jioni. Anasema aliuminya ule mkono kwa gumba, akajua ndani ni mbichi. Kesho yake ni majaribio. Akaufunga hivyo hivyo."

"Na mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema alikuambia. Mkaguzi aliuliza nani, yeye akasema mimi, na wewe ulikuwepo."

Upande wa pili wa barabara walikuwa wameanza kugawa chakula cha msiba. Nilisimama nikijaribu kupanga: kwamba kipimo changu huenda hakikuwa na kosa, kwamba tabaka la ziada bado lilikuwa langu, kwamba sikufichiwa wala sikufadhiliwa, na kwamba ile hisani niliyoilipa kwa ziara za miaka yote, nikimtazama mzee wa watu kama mtu aliyebeba mzigo wangu, hakuwa amenipa, na huenda alishangaa kwa nini sikuwahi kumwuliza yeye alivyoubeba wa kwake. Nilikuwa nimefikia hapo nilipohisi Nesi amenishika kiwiko.

"Usianze kufikiri hapa, baba," alisema. "Chakula kinakwisha."